Live at Leeds na besi ya John Entwistle

Albamu bora ya roki iliyorekodiwa jukwaani ni Live at Leeds ya bendi ya The Who, na kwangu hakuna inayoikaribia. Ilirekodiwa tarehe 14 Februari 1970 katika bwalo la Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Bwalo la wanafunzi, si uwanja wa mpira, na ukisikiliza unajua: watu wamebanana, sauti haina pa kutorokea.

Anza na "Young Man Blues". Roger Daltrey anaimba mstari peke yake, bendi kimya, kisha wote watatu wanaingia kwa kishindo. Humo hamna mpiga gitaa la pili, la ridhimu. Pete Townshend yuko na gitaa lake moja, na akishika solo, pengo anayelijaza ni John Entwistle kwa besi. Watu humsifu Townshend na husimulia vituko vya mpiga dramu Keith Moon, lakini mimi nasema aliyeibeba bendi hii ni Entwistle. Moon hapigi dramu za kulinda mwendo; anamfuata mwimbaji, anajibizana na gitaa, anazizunguka dramu zote kabla ubeti haujaisha. Utamu mtupu, ila bila mtu wa kumshikilia, wimbo ungesambaratika. Entwistle alisimama tuli jukwaani, vidole tu ndivyo vilivyokimbia.

Santuri ya 1970 ilikuwa na nyimbo 6 ndani ya jalada la kahawia lisilo na mapambo, mfano wa rekodi za magendo, zile zinazouzwa bila idhini ya bendi. Lebo iliyobandikwa kwenye santuri ilionya kwamba mikwaruzo inayosikika isirekebishwe. Toleo la 1995 lina nyimbo 14, nami bado nazirudia zile 6, hasa "My Generation" inayopita dakika 14.

Napenda albamu ya jukwaani ibaki kama ilivyopigwa. Ndiyo maana Live and Dangerous ya bendi ya Thin Lizzy, ya 1978, hunipa shida. Mwimbaji wao Phil Lynott nampenda sana. Lakini mtayarishaji Tony Visconti alisema sehemu kubwa ilirudiwa studio, wanabendi wakakana, na tangu nilijue hilo kila magitaa mawili yanapolingana sawasawa naingiwa na shaka.

Nafasi ya pili naipa At Fillmore East ya bendi ya Allman Brothers, iliyorekodiwa katika ukumbi wa Fillmore East, New York, Machi 1971. "Whipping Post" inakwenda dakika 23 na hainichoshi. Mpiga gitaa wao Duane Allman alifariki Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 24. Kwa gitaa namweka juu ya Eric Clapton, ambaye mwenyewe ndiye aliyemwalika kurekodi naye wimbo "Layla".