N.W.A hawakuvunjwa na wivu

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema N.W.A, kundi la rap la Marekani, walivunjika kwa wivu na majivuno ya vijana waliopata pesa ghafla. Sikubali hata kidogo. Tatizo ni kwamba pesa hazikumfikia aliyezitolea jasho. Ice Cube, mmoja wao, aliandika sehemu kubwa ya mashairi ya albamu yao ya 1988, hata ya kuimbwa na mwenzake Eazy-E, na alipoona mgao wake ni mdogo akaukataa mkataba na kuondoka mwishoni mwa 1989. Dr. Dre, fundi wa midundo, naye akatoka 1991. Kalamu imekwenda, mdundo umekwenda, kundi limebaki na nini? Hapa Malindi nimeyaona hayo hayo kwa vijana wa Maweni niliokuwa nikiwarekodia. Mistari aliandika mmoja, ila malipo ya shoo za hotelini yalipitia kwa mwenye kujuana na promota, na hapakuwa na hata karatasi moja iliyotiwa sahihi. Watu wakasema wamelogana! Wenzangu wa Malindi na Lamu, vikundi vyenu hugawana sawa kwa vichwa, au mwandishi wa mashairi ana fungu lake?