Kronografu ya kwatzi au GMT otomatiki: maswali mawili kwenye kifungu kimoja

Anayetafuta saa ya mkononi ya bei ya kati mara nyingi hubakiwa na mbili: kronografu (saa yenye kipima muda cha kubonyeza) ya kwatzi, inayotumia betri, au GMT (saa inayoonyesha pia muda wa nchi nyingine) otomatiki, inayojaza springi yake kwa mwendo wa mkono. Anadhani anachagua saa. Kumbe anajibu maswali mawili kwa mpigo: saa imfanyie kazi gani, na iendeshwe na nini?

Kilichoyafunga pamoja maswali hayo ni gharama. Kronografu ya springi ina vyenzo na magurudumu mengi. Ni ghali kuiunda, na fundi wa kuifungua hapatikani kila kona. Kwatzi iliondoa mzigo huo. GMT, kwa upande wake, ni nyongeza ndogo tu: mshale wa nne unaozunguka mara moja kwa saa 24. Tangu kampuni ya Seiko ilipoupachika kwenye saa zake za Seiko 5 mwaka 2022, GMT otomatiki si anasa tena.

Kuhusu mashine, sioni ubishi mkubwa. Kipande cha kwatzi hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na saa ya kawaida ya aina hiyo hupotea kama sekunde 15 kwa mwezi. Otomatiki yenye cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, huruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia 6 kwa siku, na za bei nafuu hazina hata cheti hicho. Tena ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi huenda umeikuta imesimama, kwani nyingi hubeba akiba ya saa 40 hivi. Utarekebisha dakika, tarehe, kisha na ule mshale wa nne. Mwenye saa kadhaa kwenye droo atachoka mapema.

Kwenye kazi, mambo yanageuka. Kronografu inavutia kuitazama, na ukiijua ina faida: gari likimaliza kilomita moja kwa sekunde 40, mshale utasimama penye 90 kwenye kipimo cha mwendokasi, yaani kilomita 90 kwa saa. Wapenzi wake hawachoki kukumbusha kwamba Aprili 1970 wanaanga wa Apollo 13 walitumia saa ya Omega kupima sekunde 14 za kuwasha injini. Ni kweli, ila ile ilikuwa ya springi, na sisi wengine tunapima muda wa chai. Kronografu hungoja uibonyeze, na ukumbuke kuisimamisha. Wasioizoea wengine hata huirudisha dukani wakidhani ni mbovu, kwa kuwa mshale mrefu wa katikati umetulia tuli. Na wanaouacha ukizunguka mchana kutwa kwa ajili ya pambo wanaimaliza betri.

GMT haidai chochote. Unatupa jicho tu, unajua ndugu yako aliye ng'ambo yuko kazini au amelala, maana uso wa saa 24 hautachanganya alfajiri na jioni. Ndiyo kazi iliyoizaa Rolex GMT-Master katika miaka ya 1950, kwa ajili ya marubani wa shirika la ndege la Pan Am. Simu nayo inaweza, lakini lazima uitoe mfukoni, na ukishaitoa utasoma mengine.

Ina kasoro zake. India iko mbele ya saa ya dunia (UTC) kwa saa tano na nusu, Nepal kwa saa tano na dakika 45. Huko mshale wa nne hukupa makadirio, dakika unajumlisha kichwani.

Kwa hiyo, kwangu mimi, GMT inashinda kwa kazi na kwatzi inashinda kwa mashine. Saa inayounganisha hayo mawili ipo, GMT ya kwatzi, ingawa haisifiwi sana kwa kuwa haina mashine ya kujivunia. Ikiwa ni lazima uchague kati ya zile mbili za mwanzo, chukua GMT endapo utaivaa kila siku na una mtu wa kumpigia mbali. Kama itapokezana zamu na nyingine, chukua kronografu, hata kama vitufe vyake hutavigusa.

Kabla ya kuilipia GMT, vuta kile kifundo cha pembeni hatua moja, ukizungushe. Mshale wa saa ukiruka peke yake, dakika zikiendelea, hiyo inamfaa msafiri. Ukisogea ule wa nne peke yake, inamfaa anayebaki nyumbani. Anayesafiri na hii ya pili atalazimika kuirekebisha saa nzima kila akitua.