Kulabu Bora Iko Kwenye Mpera, Si Kwenye Mninga

Niseme tangu mwanzo: kulabu bora ya kufumia katika Nyanda za Juu Kusini haitoki kwenye mninga wala mpingo. Inatoka kwenye mpera. Mpera ukikosekana, mbuni, yaani mti wa kahawa. Najua watakaobisha ni wengi, mafundi seremala wakiwa mstari wa mbele, kwa sababu wamezoea kuipanga miti kwa bei ya mbao. Lakini bei hiyo imewekwa na wanaotengeneza milango, vitanda na makabati. Kulabu ni kazi nyingine.

Mlango unataka ubao mpana, usiopinda mvua na jua vikipokezana, usioliwa na mchwa. Kulabu ni kijiti cha sentimita 15 hivi, unene wa milimita 5, 6 au 8, na karibu na ncha tunakichimba koo la kunasia uzi. Pale kooni mti unabaki karibu nusu ya unene wake, na palepale ndipo uzi unapovuta, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka sweta limalizike. Mti wa kazi hiyo uwe na nyuzi zilizobanana, zinazokwenda sawa toka mpini mpaka ncha. Usiwe na vitundu vya kuonekana kwa macho. Ukubali kulainishwa mpaka uteleze wenyewe ndani ya kitanzi. Umaarufu na rangi havisaidii kitu kama koo litamegeka kwenye kofia ya kwanza.

Wapo wanaouliza kwa nini tuhangaike na miti wakati kulabu za chuma na alumini zimejaa madukani. Anayefuma Makete au Njombe mwezi wa Juni hana haja ya kuuliza. Asubuhi chuma kinanyonya joto la vidole mpaka vinakufa ganzi, na mwenye viungo vinavyouma huweka kazi chini kabla hajamaliza mstari. Mti hauna tabia hiyo. Ukishaushika muda mfupi unakuwa na joto la mkono wako. Tena mpini wa mti unaweza kuuchonga mnene kwa mama mwenye vidole vilivyokakamaa, ukampa na kibonde cha kulaza dole gumba. Kulabu ya dukani ina umbo moja kwa mikono yote.

Kwa vitambaa vya makochi na vya meza, vile vya uzi mwembamba kabisa, bakini na chuma. Mti ukishuka chini ya milimita 3 unavunjika kirahisi. Ninayoyasema hapa ni ya uzi mnene: masweta, kofia, shali, mablanketi ya watoto.

Sasa nianze na mninga wenyewe, maana sitaki ionekane naudharau. Ni mti wa miombo, kwetu unapatikana pande za Chunya na tambarare za chini za Iringa, na sifa yake kubwa ni ya kweli: ukishakauka hautembei. Ubao wake haupindi, haujikunji. Ndiyo maana kabati la mninga linarithiwa. Ila ukiuchonga mwembamba na kuutazama kwenye mwanga unaona vitundu vyake, vikubwa, vimejipanga kama mifereji. Uzi wa akriliki unapita juu yake bila tabu, lakini uzi wa manyoya laini unakwaruzwa. Nyuzi za mninga pia mara nyingi zinapishana, huku zinaelekea kulia, huku kushoto, na kisu kinachimba pasipotakiwa. Kwa kulabu ya milimita 8 au 10 unafaa sana. Kwa ya milimita 5 unaubebesha mzigo usio wake. Uzuri wake mwingine ni kwamba mabaki yake hayanunuliwi. Ukienda kwenye karakana yoyote na kusema, "Fundi, naomba vile vipande vya mninga," jibu ni moja: "Chukua, dada, mimi nawashia moto tu."

Mpingo ni habari nyingine. Mita moja ya ujazo ina uzito unaozidi kilo 1,200, ndiyo maana ukiutupa majini unazama. Unang'aa kwa msasa peke yake, bila mafuta, na ndio mti unaotengenezewa klarineti na obo za okestra. Kati ya miti yote niijuayo, huo ndio unaoweza kubeba koo jembamba kuliko wote. Nitakuwa mwongo nikisema hautoi kulabu nzuri. Ninachopinga ni kuukata kwa ajili ya kulabu. Unakua polepole mno, makumi ya miaka kabla haujafikia unene wa kufaa, na tangu Januari 2017 karibu jamii yake yote ya Dalbergia iko kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kipande kilichobaki kwa mchonga vinyago ni halali ya kulabu. Mti uliosimama, hapana. Na ukiusugua, funga pua na mdomo: vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua.

Kuhusu misindano, yaani mipaini, sina maneno mengi. Tumezungukwa nayo, Sao Hill pale Mufindi ndilo shamba la serikali la miti ya kupandwa lililo kubwa kuliko yote nchini, kwa hiyo kila anayeanza kuchonga anaokota kipande cha msindano. Pete zake moja ni laini, inayofuata ni ngumu. Msasa unakula ile laini na kuiacha ngumu imesimama, kulabu inabaki na mabonde. Utomvu nao unaganda kwenye uzi. Wape watoto wajifunzie kisu. Mlingoti, yaani mkaratusi, ni mgumu vya kutosha, ila ukikauka unajisokota na kupasuka. Wati, ile miti iliyopandwa Njombe kwa ajili ya maganda ya kutengenezea ngozi za wanyama, inastahili heshima kuliko kuishia kwenye tanuri la mkaa. Ni mgumu, nyuzi zake zimekaza, na tawi lililonyooka linatoa kulabu nzito kidogo lakini ya kudumu.

Mwanzi wa ulanzi, ule unaogemwa pombe, nao usisahaulike. Nguvu ya mwanzi iko karibu na gamba, ndani ni laini zaidi. Kwa hiyo gamba linakaa mgongoni mwa kulabu na koo linachimbwa upande wa ndani, ili kile kinachobaki kooni kiwe ndicho kigumu. Wengi wanafanya kinyume, halafu wanasema mwanzi haufai.

Turudi kwenye mpera. Kila mvulana aliyekulia huku anaujua bila kufundishwa: panda ya manati inakatwa kwenye mpera kwa sababu inapinda, haikatiki. Sifa hiyohiyo ndiyo tunayoitafuta kooni. Nyuzi zake zimebanana kiasi kwamba kisu kinaacha uso unaong'aa, na hautoi vibanzi. Tawi la unene wa sentimita 3 au 4, lililonyooka, linatosha kulabu kadhaa, na mwenye mpera anapogoa kila mwaka kwa vyovyote. Hakuna mti unaoangushwa.

Mbuni una faida ileile, na rangi yake ya maziwa inapendeza macho. Mbozi, ambayo tangu 2016 iko mkoa wa Songwe, wakulima hukata mashina ya zamani ili machipukizi mapya yazae, na mashina hayo yanakwenda jikoni. Omba kwa adabu utapewa. "Shikamoo baba, naomba mashina mawili matatu ya mibuni mliyokata." "Marahaba binti yangu, beba, kuni zenyewe ndogondogo hizo." Angalia tu matundu ya bungua kabla ya kubeba, shina lililotobolewa litakuvunjikia mkononi.

Hata mti mzuri unaharibiwa na mchongaji mwenye haraka. Tawi bichi lipasue katikati mara tu ukilikata, uondoe kiini, kwa sababu kiini ndicho kinachoanzisha nyufa. Paka nta kwenye ncha zote mbili, weka kivulini penye hewa, uache likauke taratibu. Halafu pasua, usikate kwa msumeno. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Msumeno unakwenda unakotaka wewe na unakatisha nyuzi katikati. Panga likigongwa polepole kwa kipande cha gogo linafuata nyuzi zenyewe, na kijiti unachopata kina nyuzi nzima toka mwanzo mpaka mwisho. Kulabu nyingi zinazovunjika hazikuvunjwa na mti dhaifu. Zilivunjwa na nyuzi zilizokatwa mshazari.

Kupima unene, toboa ubao kwa keekee: tundu la milimita 5, la 6, la 8. Kijiti kinachopita kwa kugusa pande zote ndicho saizi hiyo. Koo anza kwa msumeno mdogo, endelea kwa kisu, malizia kwa tupa ndogo ya duara. Msasa nenda kwa hatua, namba 120, 240, 400, toka mkali mpaka laini, kisha lowesha kijiti, kiache kikauke, utaona vinyweleo vimesimama. Piga 400 tena. Mwisho pitisha kulabu kwenye soksi kuukuu ya nailoni. Ikinasa popote, hapo hapajaisha, na mteja atapagundua kabla yako.

Nta ya nyuki inatosha kabisa. Ipashe moto kidogo, sugua kwa kitambaa mpaka mti ukatae kuipokea. Vanishi siikubali. Inanata kwenye kiganja chenye jasho, baada ya muda inabanduka vipandevipande ndani ya sweta la mtoto, na mara nyingi inapakwa kwa nia moja tu: mpera au mbuni ufanane na mninga uuzwe kama mninga. Hilo linaniuma kweli. Tunamdanganya mnunuzi, na papo hapo tunaficha mti bora nyuma ya jina la mti unaozidiwa kwa kazi hii.

Wachongaji wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe, nawaomba tuandike jina la mti kwenye mpini. Mimi naunguza kwa ncha ya msumari uliopashwa moto: MPERA, MBUNI, WATI. Mteja akishangaa kwa nini kulabu ya mpera ina bei sawa na ya mninga, namwekea zote mbili mezani pamoja na uzi wa manyoya, afume mistari kadhaa kwa kila moja kabla hajalipa.