Kununua kidogo kidogo ndiyo ghali

Hivi nani aliamua kwamba asiye na hela ndiye alipe zaidi? Mkaa wa kopo, mafuta ya kupima, sukari robo: jumlisha makopo ya mwezi mzima uone kama gunia halikuwa nafuu. Lakini gunia linataka hela ya mkupuo, na kibarua analipwa jioni kwa jioni. Mwenye nazo anajaza stoo, kisha anatuhubiria tujifunze kuweka akiba. Tuweke ipi?

Linalonichefua zaidi ni umeme. Bei ya nafuu kwa mtumiaji mdogo wa nyumbani ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi mita isivuke uniti 75 kwa mwezi. Kwenye karatasi, safi kabisa. Sasa njoo uswahilini Dar es Salaam, Manzese au Tandale: wapangaji sita, mita moja. Kila chumba kina taa, feni na redio, basi. Ila mita haihesabu vyumba. Mkivuka tu, bei inaruka zaidi ya mara mbili, na mama ntilie anayechaji simu anajikuta kundi moja na jumba la Masaki lenye viyoyozi mpaka korido, na geti la umeme juu (kulisukuma kwa mkono kunapunguza cheo?).

Halafu ikifika siku ya kuchangia LUKU, umeme wa kulipia kabla, ndiyo utajua majirani zako: nani ana pasi, nani ana friji, nani kalala na feni. Ugomvi wa shilingi mia tano. Na mwenye nyumba ukimwomba mita ya pili, anakuambia uhame.