Wizi wa tatu California

Katika maduka mengi ya dawa San Francisco, dawa ya meno na sabuni ya kufulia zimefungiwa kwenye kabati la kioo. Unabonyeza kengele, unamngoja mhudumu aje na ufunguo. Wenye maduka wamechoka, na siwalaumu kwa kutaka sheria kali. Ila Pendekezo la 36, sheria ambayo zaidi ya thuluthi mbili ya wapiga kura wa California waliipitisha Novemba 2024, limekaza pasipofaa.

Tangu Pendekezo la 47 la mwaka 2014, kuiba dukani bidhaa zisizozidi dola 950 lilikuwa kosa dogo kwa watu wengi, hata wakirudia. Sasa mwenye hukumu mbili za wizi akishikwa tena, hata kwa chupa ya shampuu, anaweza kushtakiwa kwa kosa kubwa na kufungwa hadi miaka 3.

California imeshapita njia hii. Mwaka 1995 Leandro Andrade aliiba kanda 9 za video katika maduka mawili, zote kama dola 150. Kwa makosa yake ya nyuma akapigwa miaka 50 hadi maisha, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibariki hukumu hiyo. Mwaka 2011 mahakama hiyohiyo ikaiamuru California ipunguze wafungwa, magereza yamefurika.

Mwizi anaogopa kukamatwa kuliko anavyoogopa urefu wa kifungo, na wanaoiba madukani wengi hawakamatwi. Pendekezo la 36 liliahidi pia matibabu kwa watumiaji wa dawa za kulevya, lakini halikutenga hata senti. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Nasema haya hasa kwa ajili ya ndugu zetu walioko huko bila uraia. Vijana wengi hukiri kosa dogo ili mambo yaishe waende nyumbani. Sheria inayohesabu hukumu inaifanya kesi ya kwanza kuwa nzito, na kwa mgeni hukumu za wizi zinaweza pia kumtoa nchini. Tangu 2010, wakili wa utetezi anawajibika kumweleza mteja wake hatari hiyo. Mwulize kabla hujasaini chochote, hata kama ana haraka na mafaili yamejaa mezani.