Yule "+1" wa Kaka

Kwa kuwa yule dogo wa bodaboda ameshaiweka stetasi aibu yangu ya uwanja wa ndege, tena na chumvi kwamba nililia, acheni niseme mwenyewe. Sikulia. Lilikuwa vumbi.

Kaka alinitumia tiketi yake ya kuja kutoka Marekani. Msomi wa nyumbani ni mimi (semesta mbili, msinikumbushe), nikaisoma mbele ya ukoo mzima pale Mwanga, Kigoma. New York anaondoka Ijumaa 20:00, Dar anatua 02:30. Saa sita na nusu! Doha ya katikati niliiruka, nilijua ni pa kuchimba dawa tu. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi anaunga ndege ya Kigoma.

Baba mdogo, mwalimu wa hesabu mstaafu, akapiga mahesabu nyuma ya kiberiti. "Kilomita 14,000 na ushee kwa saa sita na nusu, ni zaidi ya 2,100 kwa saa. Huo mwendo wa Concorde, na Concorde iliacha kuruka 2003." Nikamjibu teknolojia imekua, baba.

Sasa, pembeni ya saa ya kufika Doha kuna "+1". Pembeni ya Dar, "+1" nyingine. Kadi za harusi si mnazijua nyie, "+1" ni mtu unayekuja naye? Nikatangaza: anakuja na mke. Na mtoto.

Mama alinunua kitenge usiku huohuo.

Jumamosi, uwanjani. Abiria wanatoka mmojammoja, kaka hayumo. Kisha akatokea mama wa Kizungu, begi kalivaa kifuani, mkono kaukinga chini yake vile mtoto anavyokingwa. Nikamwona mama anavua viatu. Jamani, mama akivua viatu hazuiliki. Kitenge kikafunguka hewani kama wavu wa dagaa, kikamfunika mgeni kichwa mpaka magoti. "Karibu mkamwana!" Shangazi wakapokea kwa vigelegele. Mama akashika zipu ya begi amwone mjukuu. Zipu ile niliisikia jino kwa jino. Ndani: lenzi ya kamera, ndefu kama mchi.

Nyuma yao sauti nzito, Kiswahili cha darasani: "Samahani, kuna shida na mke wangu?"

Vigelegele vilikatika kama umeme. Ukoo wote ukanigeukia. Wenzetu walikuwa wanakwenda Gombe kuangalia sokwe, wakakutana nasi kabla.

Saa kumi jioni kaka akapiga: ndiyo kwanza katua Doha, yuko peke yake, "+1" maana yake siku inayofuata: ya Doha Jumamosi, ya Dar Jumapili. New York iko nyuma yetu saa saba, kwa hiyo mpaka Dar ni saa ishirini na tatu na nusu. Baba mdogo hakusema neno. Alikitoa tu kile kiberiti, akakiweka mezani mbele yangu.

Kaka alifika Jumapili, mbuzi keshaliwa. Kitenge kimekwenda Gombe. Mama hanisemeshi, ila kila mlo ananiwekea sahani mbili.