Anayeota Meno Ni Mtoto, Aliyevimba Mdomo Ni Mimi

Mtoto wetu alipotimiza miezi sita, udenda ulianza kumtoka kama bomba lililokosa koki. Bibu moja ikilowa inavaliwa nyingine, na ile ya kwanza haijakauka bado. Akawa anatafuna chochote kilichomkaribia: ukosi wa shati langu, ncha ya pazia, na usiku mmoja, nikiwa usingizini, pua yangu.

"Huyu anaota meno, baba yake," mke wangu akasema. "Ukitoka kazini mpitishie kitu cha kung'ata."

Kitu. Kimoja. Mke wangu alisema wazi kabisa, ila ananijua: mimi siwezi kununua hata tochi bila kusoma siku tatu. Nikaingia kwenye simu. Nikajifunza kwamba meno ya utoto yako 20, kwamba yale mawili ya mbele chini ndiyo huwa yanatangulia, na kwamba mpaka yote yatoke mtoto anakaribia miaka 3. Nikapiga hesabu ya udenda. Huu haukuwa usumbufu wa wiki moja, ulikuwa mradi.

Dukani nikakuta ukuta mzima. Pete za mbao, pete za silikoni, samaki wa mpira, glavu ya kung'ata (mtoto anavalishwa mkononi kama bondia), na pete zenye maji ndani yanayochezacheza. Muuzaji akanichukulia mkufu wa shanga za kaharabu. Eti ukigusa ngozi unatoa dawa ya maumivu taratibu.

"Hapana," nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma siku tatu. "Uzi ukikatika, shanga zinaishia kooni. Usipokatika, mkufu wenyewe unamkaba. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishaonya tangu 2018."

Akaurudisha mkufu, akaleta jeli ya kupaka ya ganzi. Nikaisoma kopo: benzokaini. Hiyo nayo nikaikataa, kwa mtoto wa chini ya miaka 2 inaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Muuzaji akaacha kuniletea vitu. Nilijiona profesa. Nikachagua vitano, vyote vikubwa kuliko mdomo wa mtoto, visivyo na kipande cha kubanduka, nikatoka dukani kifua mbele.

Nyumbani nikamkabidhi samaki. Akamtazama, akamtupa. Pete ya mbao, akaitupa. Glavu akaipokea vizuri, kisha akanipiga nayo jichoni. Vya silikoni viwili alivionja kidogo, akavisukuma kwa ulimi, halafu akatambaa kwenda kuchukua rimoti ya televisheni na kuipachika mdomoni mpaka kwenye kifuniko cha betri. Tulipomnyang'anya, majirani walijua.

Ndipo nikakumbuka kitu kimoja nilichosoma: ubaridi hupoza fizi. Kwenye karatasi ya ile pete nene ya silikoni palikuwa na maelezo ya kuiweka kwenye friji, na chini yake mstari mwingine, wa herufi ndogo sana, ambao sikuumaliza. Kwa akili yangu, kama baridi ni nzuri, barafu ni nzuri zaidi. Nikaiosha, sikuifuta, nikaitia kwenye friza usiku kucha.

Asubuhi ikatoka nyeupe, imeota vinyweleo vya barafu. Nikajiambia mzazi makini hampi mtoto kitu ambacho yeye mwenyewe hajakijaribu. Nikaibana kati ya midomo, nikaigusa na ncha ya ulimi.

Ikanata.

Nikavuta kidogo. Mdomo wa chini ukaja nayo. Nikavuta tena, machozi yakaja nayo. Na katika dakika hiyohiyo, kati ya dakika zote za asubuhi, mlango ukagongwa, na kwa kuwa mke wangu alikuwa chumbani akimbadilisha mtoto nepi, nikaufungua mimi.

Mama mkwe.

Sasa, mama mkwe humwachi amesimama mlangoni bila salamu, hata kama nyumba inaungua.

"Hikahoo, haha," nikasema, nimeinamisha kichwa kwa adabu, pete inaning'inia.

"Marahaba," akajibu. Akanyamaza. "Mwanangu, na wewe unaota?"

Nikajaribu kueleza. Zilitoka herufi "h" tupu. Mke wangu akatokea na mtoto begani, akaniona, akalazimika kukaa chini. Hakuwa na msaada wowote kwa muda mrefu.

Mama mkwe ndiye aliyenishika kidevu, akaniinamisha juu ya sinki, akanimiminia maji ya uvuguvugu kidogokidogo kwa kikombe. Pete ikaachia. Iliondoka na kipande cha ngozi ambacho sikuwa na mpango nacho.

"Ungempa mtoto hii?" akauliza, ameinua pete. Hakuwa anacheka. "Kama imekufanya hivi wewe mwenye mdomo mgumu, fizi zake zingekuwaje?" Nikatazama sakafu. Baadaye niliusoma ule mstari wa herufi ndogo: *usiweke kwenye friza*.

Mtoto, kwa upande wake, alikuwa anacheka kwa kelele, mdomo wazi, anapiga mateke. Hajawahi kunifurahia kiasi kile. Bibi yake akakatisha somo langu, akanawa mikono, akapitisha kidole juu ya ufizi wa chini.

"Limeshatoka hili," akasema. "Mlikuwa hamjaliona?"

Tukachungulia wote watatu. Nukta nyeupe, katikati, chini, kama nilivyosoma. Nilitaka kusema kwamba nilijua litaanzia pale, lakini mdomo ulikuwa unauma.

Akaomba kitambaa kidogo safi, akakilowesha, akakikamua, akakitia kwenye friji (chini, si kwenye friza, akanitazama alipokuwa anafunga mlango). Kilipopoa akampa mjukuu wake. Mtoto akakikamata kwa mikono miwili, akakitafuna kimya, macho yakawa mazito, akalala nacho kifuani.

Mimi nilikaa sebuleni na rimoti iliyojaa udenda. Kufika jioni mdomo umevimba upande mmoja. Mke wangu akafungua friji, akanitupia ile pete, safari hii imepoa tu, nikaibandika mdomoni. Inapoza vizuri sana. Kati ya vile vitano, ndicho pekee kilichopata mtumiaji.